Pampu ya bwawa iwake masaa mangapi? Gumzo la familia, Entebbe

*Ijumaa*

Baba: Asalaam aleikum wote. Yaka, mita yetu ya kulipia umeme kabla, imekula uniti zaidi ya 100 wiki hii, na zaidi ya nusu ni pampu ya bwawa. Nataka kuipunguza kutoka masaa 8 hadi 3. Na iwake usiku, umeme ukiwa rahisi.

Mama: Waaleikum salaam. Hajji, kabla hujapunguza njoo uyaone maji. Juzi nilikuwa naziona ngazi zote nne. Leo naona mbili.

Mama: [picha]

Zaitun: Ya Rabi, yameshaanza ukijani. Na watoto wanakuja Jumatano kwa Jaja wao, yaani bibi yao.

Shangazi Hadija: Ongezeni dawa. Kopo moja zaidi linatosha.

Salum: Shikamoo Baba. Usiku hakuna nafuu yoyote. Kwa mita ya nyumbani bei inabadilika kufuata idadi ya uniti ulizonunua mwezi huo, haifuati saa. Halafu jioni nchi nzima inapika na kuwasha taa, voltiji inashuka, na mota ya pampu haipendi hivyo.

Salum: Shangazi, dawa isipozungushwa haifiki kote. Inakaa pale ilipomwagwa.

Mjomba Rashidi: Nauliza maswali mawili. Dawa inawekwa saa ngapi? Pampu inawaka saa ngapi?

Mama: Okello anaweka dawa saa tatu asubuhi.

Baba: Na taima nimeitega mwenyewe, afande. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Mjomba Rashidi: Leo mchana nani ameisikia ikiwaka?

Mama: Niko jikoni tangu asubuhi na dirisha liko wazi. Sijaisikia.

Mama: Lakini usiku niliisikia. Niliamka saa tisa kwa tahajudi, ikawa inanguruma. Nikadhani Okello amesahau kuizima.

Salum: Baba, chukua tochi ukaangalie taima. Isomee hapa inasema saa ngapi.

Baba: Subirini.

Baba: Sasa ni saa mbili kasoro dakika 20 usiku. Taima inaonyesha saa tatu kasoro dakika 20, na kijua kimechorwa upande huo. Yenyewe inaamini ni asubuhi.

Salum: Basi tumeuona ugonjwa. Taima ya aina hiyo inazungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika, nayo inasimama. Ukirudi, inaendelea pale ilipoachia. Leo umekatika masaa mawili, kesho masaa matatu, sasa imechelewa masaa 11. Pampu yako inaanza saa mbili usiku, inazima saa kumi alfajiri.

Zaitun: Kwa hiyo Okello anamwaga klorini kwenye maji yaliyotulia, halafu jua linaipiga mchana kutwa?

Salum: Ndiyo. Jua la Entebbe linaiharibu klorini ndani ya masaa machache. Pampu ikija kuamka, dawa karibu imekwisha. Na mchana ndio wakati ukijani unakua. Masaa 8 tumelipa, ila tumeyaweka mahali pasipofaa.

Baba: Sawa, hilo nimelielewa. Lakini 8 yametoka wapi? Kwa nini si 5?

Salum: Tupige hesabu. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.4. Hiyo ni kama lita 45,000. Kibandiko cha pampu kinasema lita 15,000 kwa saa, lakini hiyo ni pampu isiyo na mzigo. Mabomba na mchanga wa filta vinaibana, kwa hiyo mimi nahesabu 9,000. Kwa masaa 5 inavuta maji yenye ujazo wa bwawa zima.

Baba: Basi 5 yanatosha.

Salum: Hapo ndipo wengi tunapokosea, Baba. Maji yaliyochujwa yanarudi bwawani na kuchanganyika na yale machafu, kwa hiyo pampu inavuta tena mengine ambayo yameshapita. Baada ya masaa 5, kama 63 katika kila lita 100 ndizo zimepita kwenye filta. Baada ya 10, kama 86. Unafika karibu, humalizi kabisa. Kwa bwawa letu, lenye joto hili, 8 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Zaitun: Na kwa pesa?

Salum: Pampu inakula kilowati 1.1. Masaa 8 ni uniti 8.8. Tukisema uniti ni shilingi 750, ni 6,600 kwa siku, kama 198,000 kwa mwezi. Masaa 3 ni kama 74,000. Hiyo tofauti utairudisha kwa dawa, na bwawa likiharibika kabisa utamwaga lita 45,000 za maji ya mita.

Mama: Mimi pesa si hoja yangu. Maji usiyoyaona chini yake, mtoto akizama ndani humwoni. Yusufu ana miaka sita.

Mjomba Rashidi: Dada amesema la maana kuliko yote.

Baba: Nimekubali. Hakuna anayeingia.

Salum: Geji ya presha ya filta inasoma ngapi? Nilipoifunga ikiwa safi ilikuwa 0.8.

Baba: 1.5.

Salum: Mchanga umeziba. Hapo hata masaa 8 hayafanyi kazi ya 5. Okello auoshe kwa kurudisha maji nyuma mpaka kile kioo kidogo kionyeshe maji safi. PAMPU IZIMWE kabla ya kugusa mpini wa vali. Usiku huu atie klorini jua halipo, apige brashi kuta, kisha pampu iwake mfululizo mpaka maji yatakate. Ni kama 20,000 kwa siku, lakini ni siku chache tu.

Shangazi Hadija: Na wale sami, vijidudu vya ziwani? Wiki ile nilipokuja waliufunika uso wa maji wote, kama majani ya chai.

Salum: Ndio maana nataka tugawe. Saa 12 asubuhi hadi saa 2, skima, ule mdomo unaovuta maji ya juu, iwavute sami kabla hawajazama. Halafu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, jua likiwa kali. Jumla 8. Maji yakikaa sawa, tunapunguza nusu saa kila wiki huku tunapima klorini, mpaka tuone inapoanza kushuka. Baba, huenda ukafika 6.

Zaitun: Mimi nanunua taima yenye betri, inayotunza saa umeme ukikatika. Nakuja nayo Jumapili.

*Jumanne*

Mama: [picha]

Mama: Ngazi ya nne naiona, na ile sarafu ya 500 niliyoitupa chini naiona.

Salum: Klorini?

Baba: Imezidi 5 kwenye kipimo.

Salum: Bado kali, tulitia nyingi. Ikishuka hadi kati ya 1 na 3 ndipo waingie.

Zaitun: Yusufu ameshavaa miwani ya kuogelea hapa sebuleni 😅

Mama: Mwambie Jaja yake atapima tena kesho asubuhi na mchana.