Mrejesho: gitaa la umeme la kupigia metali
Nawashukuru mlionishauri nilipouliza kama gitaa la umeme la bei ya kati, kwa ajili ya muziki wa metali, liwe na daraja (sehemu inayoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) la Floyd Rose, yaani linaloelea, au daraja lisilosogea. Nimechukua gitaa la kampuni ya Schecter lenye daraja lisilosogea, kwa sababu mara nyingi ninashusha uzi mnene kutoka noti ya E hadi C, na katika daraja linaloelea mvuto wa nyuzi husawazishwa na springi, hivyo kulegeza uzi mmoja huvuruga tuni ya nyuzi zote zilizobaki. Urefu wa uzi ni inchi 25.5, nami nimefunga seti ya nyuzi inayoanzia unene wa inchi 0.011 ili nyuzi zisilegee mno. Sauti ya chini sasa inatoka kavu na yenye nguvu, jambo lililonifurahisha sana.

Kuhusu pikapu, yaani vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi, waliopendekeza zile za betri ya volti 9 walikuwa na hoja, lakini hambaka za kawaida (pikapu za koili mbili zisizotumia betri) zinanitosha kabisa, kwani koili zake mbili hufuta mvumo wa umeme. Baada ya kubadili unene wa nyuzi ilinibidi nirekebishe pia intonesheni, yaani usahihi wa noti kotekote kwenye shingo ya gitaa, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo kabla ya kulihukumu gitaa lake.