Huyu bwana wa laivu za Jumamosi kanizima maiki mbele ya watu wote, kisa Jon Kent, mtoto wa Superman kwenye komiki!!!

Wakuu nimekereka mpaka vidole vinatetemeka, naandika hivi hivi bila kurudia kusoma. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa maswali ya komiki, hili sio swali, hili ni lalamiko.

Jina silitaji. Mnamjua. Yule yule mwenye picha ya wasifu kavaa joho, anayeanza kila sentensi na "sisi tulioanza kusoma zamani", ukimuuliza saa ngapi atakuanzishia 1961 Barry Allen, Flash wa pili, alivyovuka akamkuta Jay Garrick, Flash wa kwanza, kwenye dunia ya pili, na saa yenyewe hupewi. Huyo huyo. Sasa hivi tu, laivu haijapoa, kanizima maiki. Na kabla ya kunizima kaniambia nikapake rangi.

KAPAKE RANGI!!

Ngoja nieleze vizuri. Mada ya leo ilikuwa ulimwengu sambamba na mashujaa watoto, yaani mada yangu kabisa, bando nimejiunga tangu asubuhi, chaji imejaa, nyumbani nimetangaza asiniite mtu. Jamaa kashika maiki kaongea muda ambao mtu anaweza kuoa, akazaa na akasomesha. Kaieleza Crisis ya 1985, ile komiki ya DC ya dunia sambamba kuangamia, toleo kwa toleo, yote 12, dunia kibao zikafinywa ikabaki moja, Supergirl kafa toleo la 7, Flash kafa la 8, sawa mkuu, nani kabisha? Halafu kafika kwa watoto. Anasema hawa watoto ni mizigo ya hadithi, dunia ikifutwa nao wafutwe, hakuna hasara.

Hakuna hasara!

Hapo ndo nikainua mkono. Na shikamoo nimetoa, watu wote mmesikia nimetoa. Nikasema mkuu naomba tumwongelee Jon Kent, mtoto wa Clark, yaani Superman, na Lois, maana huyu hajafutwa, huyu kafanyiwa kitu kibaya kuliko kufutwa. Mtoto ana miaka kumi, ana shule, ana mbwa Krypto, ana rafiki mmoja tu wa maana duniani, Damian mtoto wa Batman, wanagombana kutwa nzima lakini mmoja akiguswa mwingine anakuja kwa dirishani. Tukapewa komiki yao wawili 2017, Super Sons, Peter Tomasi anaandika, Jorge Jimenez anachora, yule mchoraji anakuonyesha mtoto anavyoruka mpaka unasikia upepo. Matoleo 16. Afu 2018 jukumu la Superman linapewa mwandishi mwingine, babu Jor-El anatokea, anamchukua mtoto kwenda kuzunguka anga, mtoto anatumbukia Dunia ya 3, ile ambayo kila shujaa tunayemjua huko ni jambazi, Ultraman mwenye sura ile ile ya baba yake anamkamata anamfungia ndani ya volkano. MIAKA. Huku nyumbani zimepita wiki tu. Mtoto anarudi ana miaka 17, ndevu zinakaribia, mama yake anamwangalia hamjui.

Na hapo ndo nilikuwa nafika kwenye hoja yangu, nimesema "sasa huyu mtoto wa miaka kumi..." nikamsikia anacheka. Anacheka kwenye maiki! "Dogo, wewe bado unalilia katoto? Kapake rangi, tuache wakubwa tuongee." Tii. Kimya. Maiki imekatwa. Kaweka na ule muziki wake wa kufungulia kipindi juu yangu.

Dogo wangu wa mwisho alikuwa kakaa pembeni anasikiliza, ndo nilimsomea Super Sons mimi mwenyewe, nikimtafsiria. Ananiuliza, "Kaka mbona umenyamaza?"

Nimjibu nini??

Yaani hata kama ni kunitoa, nitoe, ila usicheke. Mimi sisemi Jon asikue. Kila mtoto anakua. Ila akue mbele yetu, ukurasa kwa ukurasa, tumwone anafeli mtihani, tumwone sauti inavunjika, tumwone siku anamzidi Damian urefu. Miaka saba imeporwa kwenye dunia nyingine nje ya kurasa halafu tunaambiwa haya endeleeni, huyu hapa kijana. Na Damian wa watu kabaki vile vile, mdogo, rafiki yake kaondoka likizo karudi kaka mkubwa. Ule urafiki ulikufa pale na hakuna hata aliyeuzika. Hii ndo hoja niliyokuwa nataka kuitoa. Dakika moja ilinitosha. Badala yake kapake rangi.

Kapake rangi mimi!! Mtu ambaye namba ya Dunia ya Miles Morales, yule Spider-Man mdogo, naijua kuliko namba yangu ya NIDA!!

Tiririkeni.

—

Siti_ya_Dirishani: Namba moja. Nimeshakaa, karanga ninazo.

Mama_wa_Titans: Pole mdogo wangu. Huyo bwana mimi alinifanyia hivyo hivyo kwa Donna Troy, yule Wonder Girl. Nikamwambia huyu binti alizaliwa kwa makosa ya ofisini, Wonder Girl alikuwa ni Diana mwenyewe, Wonder Woman, enzi za usichana wake, 1965 mwandishi wa Teen Titans, kundi la mashujaa vijana, akamchukua akamweka kundini na wenzake akidhani ni mtu mwingine. Ikabidi watu wakae wamtafutie ukoo baadaye. Afu baada ya Crisis wakamwanzisha Diana upya 1987 kama mgeni, sasa msichana aliyeiga jina lake akawa ameanza kazi miaka kabla yake! Nikasema hii ndo maumivu ya kuwa mtoto kwenye hizi dunia, kila zikigongana wewe ndo cheti chako cha kuzaliwa kinapotea. Akanijibu "dada unachanganya mafaili". Mimi nachanganya mafaili? Wao ndo walichanganya!

Kobe_Asiyechoka: Mtoa mada ungepaka tu hiyo rangi ulete picha tuone 😂😂

Bwana_Volkano: 😂😂😂 Krypto usimsahau, mpake mweupe

Mjukuu wa Jor-El (mtoa mada): Endeleeni kucheka. Nyie ndo mlikuwa mle ndani mmekaa kimya wakati nakatwa. Nimewaona majina yenu kwenye orodha ya wasikilizaji, wote.

Kobe_Asiyechoka: Mkuu mimi nilikuwa naosha vyombo

Fundi_Nyuzi1610: Ngojeni, Jon Kent ana nafuu. Njooni kwa Miles Morales. Kaanza 2011 kwenye dunia yake, Peter Parker, Spider-Man wa kule, kafa, mtoto wa miaka 13 karithi kazi ya marehemu. Mama yake kauawa. Halafu 2015 dunia yake na dunia zote zinagongana zinaisha, kila kitu kimekwisha, na unajua Miles aliokokaje? BAGA. Alikuwa na baga ya wiki kadhaa mfukoni, akampa Molecule Man aliyekuwa na njaa, yule jamaa ndo mwenye nguvu ya kushikilia ulimwengu wote, akashukuru. Miles akahamishiwa dunia kuu na ukoo wake, na mama akarudishwa. Yaani watu mabilioni dunia nzima wamepotea na mtoto kapona kwa baga iliyochacha. Na hakuna aliyelia miaka yote hii, nyie mnalia volkano.

Mama_wa_Titans: Ila ile baga mimi niliipenda. Mtoto kampa chakula mtu mwenye njaa. Ndo Miles huyo.

Fundi_Nyuzi1610: Dada sikatai, ila marafiki zake wengine wa kule? Dunia yake nzima, ile namba 1610? Waliobaki hawakuwa na baga.

Msomaji_Mstaafu: Naona mnamsema mtu ambaye hayupo kujitetea. Mtoa mada hajasema kwamba aliongea mfululizo bila kupumua na wengine walikuwa wanasubiri zamu. Na kihistoria mashujaa watoto wamekuwa wakisumbua mwendelezo, sisi tulioanza kusoma zamani tunajua.

Siti_ya_Dirishani: "SISI TULIOANZA KUSOMA ZAMANI"

Bwana_Volkano: 😂😂😂😂 Mzee umeingia na akaunti ya pili, joho tumeliona

Mjukuu wa Jor-El (mtoa mada): Akaunti imefunguliwa leo!! LEO!! Mods mnaona? Haya kwa kuwa umekuja, nijibu basi, mtoto wa miaka kumi...

Kobe_Asiyechoka: Kamzima tena? 😂

Prime_Hatari: Huyu bwana ndo Superboy-Prime wa jukwaa letu. Mtoto pekee mwenye nguvu kutoka dunia ambayo mashujaa ni hadithi za vitabuni, 1985 dunia yake ikafutwa, kakaa kule peponi na wazee anaangalia dunia mpya kila siku anasema sio hivyo, zamani haikuwa hivyo, mpaka akaanza kupiga ngumi ukuta wa uhalisia. Kila ngumi historia ya watu inabadilika. Mwisho kaja kampiga Conner Kent, Superboy wa watu wa 1993, mpaka kijana kafa 2006. Kisa? Ety huyu sio Superboy halisi. Sasa mtu anayesema dunia ikifutwa na watoto wafutwe mnamwonaje?

Mama_wa_Titans: Umemaliza 👏🏾

Mbio_za_Wally: Conner alirudishwa miaka mitatu baadaye, msituchoshe. Mlilieni Wally West. Kid Flash, msaidizi wa Flash, tangu 1959, kakua mbele yetu taratibu kama mtoa mada anavyotaka, Barry kafa kachukua nafasi, kaoa, kazaa mapacha. Ndo mfano bora wa mtoto aliyeachwa akue kwenye hizi komiki zote. Kaja Flashpoint 2011, dunia imeanzishwa upya, Wally HAYUPO. Hajafa. Hayupo, hakuna anayemkumbuka, mke hamjui. 2016 anarudi anatembea mtu kwa mtu "unanikumbuka?" hakuna, mpaka kamfikia Barry. Ile paneli ya kukumbatiana mimi mwanaume mzima nililia kwenye daladala, konda ananidai nauli nashindwa kuongea. Na baada ya kumrudisha wakaja kumpa kesi ya kuua mashujaa wenzake kwa bahati mbaya. Mtu kawakosea nini?

Bwana_Volkano: Na hiyo ya 2011 si ndo ile waliyosema mashujaa wana miaka mitano tu kazini? Batman ndani ya miaka mitano kashalea Robin, wale wasaidizi wake vijana, wanne na wa mwisho ni mwanae ana miaka kumi 😂 hesabu hiyo nani aliipitisha

Siti_ya_Dirishani: Robin kwa mkataba wa miezi

Mjukuu wa Jor-El (mtoa mada): Jamani. Uzi ni wa maiki.

Fundi_Nyuzi1610: Mkuu tumekuelewa, pole. Ila swala la Robin limeletwa, lazima tumseme Jason Todd, Robin wa pili. Huyo hakufutwa na dunia kugongana, huyo kauawa na WASOMAJI. 1988, kampuni inaweka namba mbili za simu, moja afe, nyingine apone, kila simu senti 50. Kura 5,343 afe, 5,271 apone. Tofauti 72! Mtoto kafa kwa kura 72.

Mbio_za_Wally: Na mhariri wake Dennis O'Neil alikuja kusema alisikia kuna mtu mmoja alitega kompyuta yake ipige simu mfululizo upande wa kifo. Ikiwa kweli basi matokeo yafutwe.

Prime_Hatari: Alisikia sio ushahidi. Na Jason si alirudi? Ngumi za Superboy-Prime ukutani ndo zilimfufua. Rejesheni shukrani kwa Prime.

Mama_wa_Titans: Prime mwanangu wewe na huyo Prime wako. Kuua Conner na kumfufua Jason kwa bahati mbaya sio wema.

Prime_Hatari: Dada matokeo ni matokeo

Mbio_za_Wally: Narudia, kura 72 kwa simu zinazolipiwa ni ndogo mno, mwenye hela za kuchezea alikuwa anaamua peke yake. Maskini mwenye senti zake 50 kapiga mara moja amwokoe mtoto, tajiri kapiga mara mia amwue. Huo ni uchaguzi?

Kobe_Asiyechoka: Mimi ningepiga afe. Jason alikuwa na kiburi.

Fundi_Nyuzi1610: ALIKUWA MTOTO WA MTAANI KOBE!! KAKAMATWA ANAIBA MATAIRI YA BATMOBILE UNATAKA AWE NA ADABU ZA NANI??

Kobe_Asiyechoka: Mtu anaiba matairi ya gari la Batman mnamtetea 😂😂

Siti_ya_Dirishani: Karanga zimeisha, naenda kununua nyingine. Msimalize Jason kabla sijarudi.

Mbio_za_Wally: Kobe naomba ujibu kwa hoja. Ulikuwa na kura moja au mia?