Grupu la wazazi Darasa la Pili, Tanga: hela ya tanki la maji itapatikanaje

*Jumanne, baada ya magharibi*

Mama Imani (mweka hazina): Wazazi wenzangu habari za jioni. Kikao cha Ijumaa kilikubaliana kwamba mwaka huu wazazi tunaweka tanki la kuvuna maji ya mvua pale kwenye jengo la darasa la kwanza na la pili. Hatukumaliza suala la hela. Naomba tulimalize leo humu humu, kila mtu atoe lake.

Baba Nassor: Salaam. Mimi naona tufanye kama michango ya harusi. Kila mzazi 20,000, majina yapangwe humu, akilipa anawekewa tiki ✅. Wiki mbili kazi imekwisha.

Mama Twaha: Au tufanye bahati nasibu. Tikiti 2,000, zawadi baiskeli. Tanga hii nani hataki baiskeli?

Baba Nassor: Mama Twaha, hiyo kamari. Nusu ya grupu hili hatutanunua, na hela yake hatuitaki kwenye maji ya watoto kutawadhia.

Mama Imani: Na hata ukiiweka dini pembeni, bahati nasibu nchi hii ni ya leseni, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hatuwezi kuchapisha tikiti stationari tukauza getini.

Mama Twaha: Sawa nimeelewa, naitoa.

Mama Careen: Samahani nje ya mada, kuna sweta ya Careen ilibaki darasani jana, mwenye kuiona aniambie. Turudi kwenye tanki: kwa nini tusiuze fulana? Zenye nembo ya shule, wazazi tutavaa siku ya michezo.

Mama Imani: Nimeshaipigia hesabu hiyo, Mama Careen. Fulana 100, kununua na kuchapa 11,000 kila moja, ni 1,100,000 tunayotakiwa kuitoa kabla hatujauza hata moja. Tukiuza 15,000 na zote zikaisha, tunabaki na laki nne. Zikibaki 30 ndani, tumeuza 70, tumepata 1,050,000. Tumekula hasara ya 50,000 na maboksi ya fulana za saizi ndogo yako chini ya kitanda changu.

Mama Careen: Eh! Sikuwa nimeliona hilo la saizi.

Mama Imani: Ndiyo maana naomba kila wazo tuliulize swali moja: kwenye kila elfu kumi inayotoka mfukoni mwa mtu, ngapi inafika kwenye tanki?

Mama Kelvin: Nami niseme la siku ya vyakula kabla halijapendekezwa, maana najua linakuja 😀. Mwaka jana tulipika vitumbua, kachori, mkate wa kumimina, na juisi ya machungwa ya Muheza. Tuliuza 210,000 tukapiga makofi. Lakini mimi nilijumlisha unga, mafuta, sukari, mchele na gesi tulizotoa majumbani: zilikuwa kama 160,000. Halafu waliokuja kununua walikuwa nani? Sisi sisi. Mama aliamka saa kumi usiku kukaanga, akampa mwanawe hela aje anunue kitumbua cha mama yake. Tungetoa ile 160,000 taslimu tukalala, shule ingebaki karibu na pale pale.

Bibi Salma: Umesema kweli mwanangu. Na migongo ingepona.

Mama Kelvin: Shikamoo bibi. Siku ya vyakula naipenda, watoto wanafurahi na wazazi tunafahamiana. Iwepo siku ya kufunga shule kama sherehe. Isihesabiwe kuwa ndiyo njia ya kupata tanki.

Anti Rehema (Minnesota): Assalaam alaykum wote. Nimesoma shule hiyo hiyo, sasa mpwa wangu yupo hapo ndiyo maana niko humu. Mambo ya Mama Kelvin yako huku vilevile. Shule za msingi za hapa Marekani nazo zinahangaika na hela, zina vyama vya wazazi na walimu tangu zamani sana, chama chao cha taifa kilianza mwaka 1897. Miaka mingi watoto walikuwa wanapewa katalogi za karatasi za kufungia zawadi na unga wa biskuti, wanapita kwa majirani kuuza. Kampuni inachukua karibu nusu, wakati mwingine zaidi. Shule ya wanangu imeacha. Sasa wana siku moja tu, watoto wanazunguka uwanja, ndugu wanaahidi kiasi fulani kwa kila mzunguko. Hakuna kampuni katikati, karibu hela yote inabaki shuleni.

Baba Nassor: Kwa hiyo watoto wakimbie?

Anti Rehema (Minnesota): Sisemi tuige, kaka. Huku wanaoahidi ni bibi na babu wenye pensheni na majirani wenye mishahara. Nilichojifunza ni kimoja tu, kuondoa mtu wa katikati.

Baba Nassor: Basi narudi palepale. Orodha ya majina na tiki haina mtu wa katikati wala mtaji. Harusi tunachanga hivyo na zinafana.

Mama Twaha: Na asiyelipa anajulikana. Mimi naunga mkono.

Bibi Salma: Naomba niseme. Baba Nassor mwanangu nakuheshimu sana. Mimi nalea wajukuu watatu, wawili wako shule hiyo. Kipato changu ni makuti ninayosuka na samaki wa kukaanga. Mwaka ule wa mchango wa mlinzi iliwekwa orodha kama hiyo. Jina langu lilikaa chini bila tiki mwezi mzima. Kila mtu akitoa tiki inaongezeka, orodha inatumwa upya, jina langu liko vilevile. Mjukuu wangu Salma alikuja kuniambia wenzie wanajua bibi hajatoa. Yeye ana miaka minane, simu ya mama wa mwenzie kaisoma nani? Watoto wanasoma kila kitu. Nilitoa mwishoni, nilikopa. Sitaki tena mtoto abebe deni langu darasani.

Mama Kelvin: Pole bibi.

Mama Careen: Pole sana bibi yangu. Hili wengi tumelipitia na hatusemi.

Baba Nassor: Bibi nisamehe, sikulifikiria upande huo. Nilikuwa naangalia kasi tu.

Bibi Salma: Hujanikosea baba. Nataka tu lisirudi.

Mwl. wa Darasa: Wazazi habari za jioni. Ninawasoma. Naomba niweke mambo mawili ya kiutaratibu. Kwanza, Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka 2016 uko wazi: mchango wa mzazi ni wa hiari na mtoto hazuiwi darasani kwa sababu ya mchango. Kwa hiyo "kila mzazi 20,000" haiwezi kutoka kwetu wala kwa jina la shule. Pili, sisi walimu hatushiki hela ya mchango. Tangu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni na kusema mzazi mwenye kutaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi, hakuna mwalimu anayethubutu kugusa hata elfu moja, na mimi simo. Jambo lolote lipite kamati ya shule, mwalimu mkuu aombe ridhaa halmashauri kupitia afisa elimu kata. Mwalimu mkuu ameniambia barua ameshaiandaa, inasubiri tu maelezo ya mradi na gharama.

Baba Nassor: Mwalimu, shule si inapata ruzuku ya serikali?

Mwl. wa Darasa: Inapata. Kiwango ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo sehemu inabaki kwa ajili ya vitabu. Kinachofika kinagawanywa kwenye vifaa, mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Ukarabati wenyewe ni kitasa na bati lililopeperuka. Tanki halitoki humo.

Mama Imani: Asante mwalimu. Sasa nitoe wazo langu, nimelifikiria tangu Ijumaa. Tusichange hela. Tuchange vitu. Baba Zuhura atuwekee humu orodha ya kila kitu kinachohitajika, hadi tofali la mwisho na bei yake. Kila mtu anachagua anachoweza. Mwenye 1,500 anachukua tofali moja. Mwenye uwezo anachukua gata, ule mfereji wa kukingia maji ya bati. Tiki inakaa kwenye kitu, haikai kwenye jina la mtu. Tofali likipatikana, tofali limepatikana, hakuna wa kuuliza ni la nani.

Mama Careen: Nimeipenda hii.

Mama Imani: Na hela mimi sitaki zipite kwangu. Kila mtu alipe moja kwa moja kwenye Lipa Namba ya duka la vifaa tutakalokubaliana, duka linatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mimi naipiga picha naweka humu nikiwa nimefunika jina. Vitu vikifika shuleni mwalimu mkuu anapokea na kuingiza kwenye leja ya vifaa. Mwalimu hajashika hela, mimi sijashika hela, kila mtu analala vizuri.

Baba Nassor: Hapo umenipata kabisa. Nami nina toroli na kijana, usafiri wa vitu vidogo ni bure.

Baba Zuhura (fundi bomba): Nilikuwa kwenye kazi ndiyo nimefika nyumbani. Nimesoma yote. Jengo lile nimelipima kwa hatua, ni kama mita 16 kwa 8, yaani bati linafunika mita za mraba 128. Mvua ya milimita 10 tu juu ya bati hilo ni lita 1,280. Toa inayorukia nje na ya kwanza tunayoimwaga kwa ajili ya vumbi na kinyesi cha kunguru, mnapata lita elfu moja safi kwa kunawia na vyooni. Mvua kama hizo tano, tanki la lita 5,000 limejaa. Kwa hiyo tukilifunga kabla ya vuli kuanza Oktoba, tutaona faida kabla shule haijafungwa.

Baba Zuhura (fundi bomba): Orodha hii hapa, bei nimeulizia leo:
Simtanki lita 5,000: 980,000
Gata za PVC vipande 8, kila kimoja 28,000: 224,000
Saruji mifuko 8, kila mmoja 17,000: 136,000
Mchanga, kokoto na kifusi: 150,000
Tofali za nchi 6, 60, kila moja 1,500: 90,000
Mabomba, elbo na koki 4: 120,000
Wavu wa chuma wa zege: 60,000
Kibarua wa kunisaidia: 60,000
Jumla 1,820,000. Ufundi wangu sitozi. Jukwaa lisipunguzwe tofali hata moja, maji lita 5,000 ni tani tano, likititia tanki linapasuka.

Mama Twaha: Mashallah fundi. Tofali 10 zangu.

Mama Kelvin: Mfuko mmoja wa saruji.

Mama Imani: Jamani, mnitumie mimi pembeni mnachochukua, humu nitaweka tiki kwenye vitu tu. Ndiyo tulivyokubaliana.

Mama Kelvin: Haya samahani, mazoea 🙏

Bibi Salma: Imani, nimekutumia.

Mama Imani: Nimeona bibi, ahsante sana.

Anti Rehema (Minnesota): Jamani mimi niseme wazi kwa sababu niko mbali. Nikijibana naweza kulipa simtanki lote. Nilipe likamilike?

Baba Nassor: Lipa dada, Mungu akubariki!

Mama Imani: Anti Rehema subiri kidogo. Nakushukuru kwa dhati. Lakini ukilipa lote leo, najua kesho humu kutakuwa kimya, watu watasema Marekani imeshamaliza, na gata na koki hazitatoka. Nakuomba uahidi hivi: wazazi wakifikisha nusu ya tanki, yaani 490,000, wewe unaweka 490,000 iliyobaki. Kila elfu moja ya mzazi itakuwa imezaa elfu nyingine.

Anti Rehema (Minnesota): Nakubali. Na hiyo nusu nyingine ninayobaki nayo nitanunulia gata zote nane, hesabu yake inaingia. Kuna kikundi chetu cha tuliomaliza shuleni hapo, nitawaambia nao wachukue vitu humo, wapo Dar, Muscat na Mombasa. Mnitumie picha ya jengo lilivyo sasa na orodha ya fundi. Watu wa mbali wanatoa wakiona kitu.

Mama Careen: Kwa wazazi wa hapa, hiyo 490,000 tuigawe vipi na tanki halikatwi vipande?

Mama Imani: Tunaigawa kwa lita. Tunatafuta lita 2,500, kila lita kumi ni 1,960, tuiite elfu mbili. Mwenye elfu mbili katoa lita kumi. Hizo zinakwenda kwenye Lipa Namba ileile ya duka, duka linatufungulia karatasi ya tanki hadi itimie. Nitaongea na mwenye duka kesho asubuhi akubali kwa maandishi, asipokubali tutatafuta duka jingine.

Mwl. wa Darasa: Nimechukua orodha ya fundi, kesho naiwasilisha kwa mwalimu mkuu iambatanishwe na barua. Naomba msilipe chochote dukani kabla ridhaa haijarudi. Andikeni ahadi kwanza.

Baba Nassor: Sawa mwalimu. Na kama ridhaa ikichelewa?

Mwl. wa Darasa: Mwenyekiti wa kamati ya shule anakwenda mwenyewe kwa afisa elimu kata Alhamisi. Baba Zuhura, ukipata nafasi Jumamosi njoo upime kwa futi, wataulizia vipimo kamili.

Baba Zuhura (fundi bomba): Nitafika saa mbili asubuhi. Nani ana ngazi ndefu? Yangu iko saiti Pangani.

Mama Imani: Hadi sasa, vitu tu: tofali 34 ✅ saruji mifuko 3 ✅ gata zote 8 ✅ lita 120 ✅. Wavu wa chuma bado. Koki bado. Mchanga bado.

Mama Twaha: Ngazi ipo kwetu. Baba Twaha ataileta Jumamosi.

Mama Careen: Mama Imani, angalia pembeni. Koki.