Tamasha la wanawake wasanii wa Meksiko hapa Unguja: mbali na Frida tumuweke nani?

BintiKikwajuni
Assalam alaykum jamani, khabari za jioni. Nna suali, naomba wenye kujua wanisaidie, ni refu kidogo lakini nisomeni mpaka mwisho. Sie ni kikundi cha wanawake hapa mjini, wamo washonaji, walimu wa skuli, wapishi, na mmoja anaimba taarab, kila mwaka tunaweka jioni moja ya sanaa za wanawake wa nchi fulani, tunaonesha picha, tunasoma mashairi, tunapiga muziki, watu wanakula wanakwenda zao. Safari hii tumekubaliana Meksiko. Fikra tumeipata kwa lile tamasha la Sor Juana kule Chicago, linaandaliwa na National Museum of Mexican Art mtaa wa Pilsen, wanaenziwa wanawake wa Kimeksiko, wa kuandika, wa kuchora, wa kuimba, wa jukwaani, na sie tukasema kwa nini tusifanye letu dogo hapa.

Tatizo kila ninayemuuliza ananitajia yule mchoraji Frida Kahlo, na akishamtaja huyo basi kamaliza. Vijana wa bango washamuweka Frida katikati na mafuvu ya rangi rangi pembeni, yale ya siku yao ya wafu, na wanataka wasichana wapakwe sura ya fuvu mlangoni. Roho yangu haijatulia kabisa, naona tutasherehekea picha ya kwenye fulana na wanawake wenyewe tutawasahau.

Kwa hivo nauliza, mbali na Frida nani wa kuwaweka? Na tufanye vipi ili bibi wa Kwahani aliyekuja na wajukuu zake aone kuna kinachomuhusu? Na hayo mafuvu yakae au yaondoke? Ukumbi ni wa skuli, projekta tunaazima, spika tunazo.

Mtembeza_Malindi
Waalaykum salaam dada. Mie natembeza wageni wa Kispania kwa hivo lugha nnayo kidogo na huyu Sor Juana nampenda mno, anza na yeye kwanza kabla ya mtu yeyote. Sor Juana Inés de la Cruz alikuwa mtawa, mshairi wa karne ya 17, wakati Meksiko iko chini ya Wahispania. Kaeleza mwenyewe kwamba alipokuwa na miaka mitatu alimfuata dada yake kwa mwalimu akamwambia mwalimu mama kasema na mie nisomeshwe, uongo mtupu, lakini akasoma. Baadae akawa anajipa muda wa kujifunza jambo, muda ukifika na hajalijua anazikata nywele zake kwa mkasi kwa sababu anasema kichwa kitupu hakistahili pambo. Akamuomba mama yake amvalishe nguo za kiume aende chuo kikuu, mama akakataa.

1669 akaingia utawa wa San Jerónimo mjini Meksiko, ndani ya chumba chake akakusanya vitabu, akaandika mashairi na michezo ya kuigiza. Askofu wa Puebla akamuandikia kumwambia aachane na mambo ya dunia ashughulike na dini, na barua hiyo kaitia saini ya jina la kike! 1691 Sor Juana akamjibu kwa barua ndefu kutetea haki ya mwanamke kusoma, na mpaka leo watu wanaisoma. Mwishoni wakambana, vitabu akaviacha, akafa 1695 akiwauguza watawa wenzake kwenye maradhi ya mripuko. Leo sura yake iko kwenye noti ya peso 100.

Sasa huyo bibi wa Kwahani mueleze habari ya Seyyida Salme wetu, kazaliwa Mtoni 1844, watoto wa kike wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma lakini si kuandika, akajifundisha mwenyewe kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Halafu ndo yeye aliyekuja kuandika kumbukumbu zake zikachapwa 1886. Waweke wawili hawa kwenye ukuta mmoja, huna haja ya kueleza zaidi, kila mama aliyezuiliwa skuli atafahamu mara moja.

MwanaWete
Mie niko Pemba, nasoma uzi huu nimefurahi sana. Naona mnakwenda kwenye washairi na wachoraji, nawaomba msiwasahau wa kazi za mikono maana huko ndo wanawake wengi walipo, Meksiko na hapa kwetu.

Mtafuteni Doña Rosa Real wa kijiji cha San Bartolo Coyotepec, mkoa wa Oaxaca. Kijiji kile toka zamani wanafinyanga udongo unaotoka rangi ya kijivu, mitungi ya maji na ya pombe yao. Miaka ya 1950 huyu bibi akagundua kwamba ukiusugua mtungi kwa jiwe la kwazi (quartz) kabla haujakauka sawasawa, na tanuri usilipe moto mkali mno, unatoka mweusi unang'aa. Mtungi wa namna hiyo maji haukai nayo vizuri, ukawa wa pambo, na kijiji kizima kikapata riziki kwa jambo alilolitafuta mwanamke mmoja kwa mikono yake. Amefariki 1980 na mpaka leo wageni wanafika pale wakiulizia kwa Doña Rosa.

Hapo ndipo panaponichoma. Mama yangu anashona kofia za viua, kofia moja nzuri inamchukua miezi, matundu yale yote kwa sindano, mchuuzi anakuja anazichukua, zinakwenda kuuzwa mjini kwa bei nyengine kabisa na hakuna anayejua imeshonwa na nani. Mikeka ya ukili vilevile, watu wanasifu rangi, wanasifu mshono, ukiuliza kasuka nani unaambiwa ni ya Pemba. Ya Pemba! Pemba haina mikono. Kwa hivo ombi langu kwa tamasha lenu, wekeni kofia na mikeka karibu na picha za Oaxaca na kila kitu kiwe na jina la aliyekitengeneza, jina kamili na shehia yake kama mwenyewe ameridhia, liandikwe kwa herufi kubwa kama mnavyoliandika la Frida.

Na kuna jambo la kuwasomea watu. Januari 2022 Meksiko walitoa sheria ya kulinda urithi wa jamii za asili na za Wameksiko wenye asili ya Afrika, kwa sababu makampuni ya mitindo ya nje yalikuwa yanachukua nakshi za vijijini, zile za kwenye huipil, lile vazi wanalofuma wanawake kwa mtambo wa kufunga kiunoni, wanazichapa kwenye nguo zao bila kuomba wala kulipa. Sheria inasema nakshi ni mali ya jamii. Kina mama zetu wa kofia na wa kanga wangependa kulisikia hilo, khasa hao wanaolalamika kila siku.

BintiKikwajuni
MwanaWete umenitoa machozi. Mpe salamu zangu mama, na kama yuko tayari tutaleta kofia zake kwa boti, kwa jina lake. Endeleeni jamani, na muziki je?

Kanuni_ya_Taarab
Muziki niachieni mie. Wawili tu wanatosha.

Wa kwanza Toña la Negra. Mwanamke mweusi, kazaliwa 1912 Veracruz, mji wa bandari ambako watumwa kutoka Afrika walishushwa, mtaa wake unaitwa La Huaca. Sauti nzito, tulivu, hana haraka, nyimbo nyingi za mtunzi Agustín Lara ndo yeye aliyezipa roho. Watu wengi hapa hawajui kama Meksiko kuna weusi, wapo, pwani ya Veracruz na ile pwani ya Guerrero na Oaxaca, katiba imewatambua 2019 tu, na sensa ya 2020 watu zaidi ya milioni mbili na nusu walijitaja wenyewe kuwa na asili ya Afrika. Ukimpiga Toña la Negra halafu ukampiga Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, wa ukoo wa kitumwa, aliyekuwa anakuja mjini kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake mpaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, ukumbi utanyamaza. Na hapo vyungu vya Doña Rosa vinaingia wenyewe, MwanaWete umeona?

Wa pili Chavela Vargas. Kazaliwa Costa Rica lakini Meksiko ndo iliyomlea kisanii. Nyimbo za ranchera zilikuwa za wanaume, za mapenzi na kuachwa na ulevi, yeye akaziimba kavaa poncho na gitaa tu, taratibu mno, kama mtu anaongea na wewe. Ulevi ukampoteza jukwaani miaka mingi, watu wakadhani keshakufa, miaka ya 1990 akarudi, na 2003 akaimba Carnegie Hall ya New York akiwa na miaka 84. Kafariki 2012. Sasa nani hapa hamkumbuki Bi Kidude? Kafariki 2013, miezi tu baadae, na yeye alikuwa anapanda jukwaa Ngome Kongwe na uzee wake watoto wanapiga kelele. Msiwafananishe kila kitu maana kila mmoja na njia yake, lakini sauti za wazee hawa wawili zinastahili kusikilizwa usiku mmoja.

Na kuna jambo kanionesha binti yangu. Sor Juana kafa tarehe 17 Aprili 1695. Chavela kazaliwa 17 Aprili 1919. Bi Kidude kafa 17 Aprili 2013. Dada yangu, tarehe ya tamasha mnayo.

BiMkubwa_Shangani
Wanangu nawasalimu. Nimefundisha sanaa skuli miaka mingi na haya ya mafuvu naomba niyasemee.

Siku yao ya wafu ni tarehe 1 na 2 Novemba. Ni mila ya watu wa asili iliyochanganyika na Ukatoliki, wanatandika meza nyumbani, picha za marehemu wao, mishumaa, maua ya manjano, chakula alichokipenda, wanakesha makaburini. Kwao ni ibada na ni msiba. Sie tunajua namna tunavyowasomea marehemu wetu khitma na hatungependa mtu aigeuze mchezo mlangoni. Basi na yao tuwaheshimu, mueleze kwa picha na maneno, meza msiitandike na watoto msiwapake. Tena lile fuvu la mwanamke mwenye kofia kubwa ambalo vijana wanalipenda, aliyelichora ni mwanamume, José Guadalupe Posada, kafariki 1913. Katika jioni ya wanawake halina nafasi.

Frida lakini msimtoe, nawaomba. Si kosa lake kwamba wauza fulana wamemchukua. Mtoto aliyepata ajali ya basi 1925 na miaka 18, akavunjika uti wa mgongo, akawekewa kioo juu ya kitanda akajichora amelala, huyo ana la kumwambia kila mgonjwa wa Mnazi Mmoja. Mumuoneshe akiwa na wenzake. Maonesho yake pekee ya peke yake Meksiko wakati wa uhai wake yalikuwa 1953, yalifanyika kwenye nyumba ya sanaa ya mwanamke mwenziwe, mpiga picha Lola Álvarez Bravo, na Frida aliletwa kwa gari la wagonjwa akalazwa kwenye kitanda chake katikati ya ukumbi akapokea wageni. Mwaka wa pili yake akafariki.

Na muwekeni María Izquierdo karibu yake. Huyu 1930 alifanya maonesho yake New York, Mmeksiko mwanamke wa kwanza kufanya hivyo peke yake Marekani, Frida bado hajafanya hivyo. 1945 akapewa ukuta wa kuchora kwenye jumba la serikali ya jiji la Meksiko, michoro keshaandaa, mabwana wakubwa wa kuchora kuta, Diego Rivera na Siqueiros, wakasema hana uwezo, akanyang'anywa. Nimesoma habari hii zamani na bado inanikera. Kuta zile zilikuwa kama baraza ya wanaume, mwanamke apite tu. Lakini Aurora Reyes alishapata wake, 1936, katika skuli ya Centro Escolar Revolución, akachora walimu wa kike wa vijijini wanavyoshambuliwa, kwa sababu kweli walikuwa wakishambuliwa na kuuliwa miaka ile. Mchoro huo waoneshe walimu wenu wa skuli kwanza kabla ya watu wengine.

BintiKikwajuni
Shikamoo Bi Mkubwa, na nyote ahsanteni sana, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nimeshawaambia vijana mafuvu yanaondoka, walinuna, nikawaonesha picha za Graciela Iturbide, mpiga picha wa Kimeksiko, ile ya mama wa soko la Juchitán aliyebeba iguana, mijusi wakubwa kama kenge, wa kuuza kichwani kama taji, wameipenda wenyewe wanataka iwe ndo bango. Kwa kweli akina mama wa Darajani wanabeba hivohivo.

Tarehe 17 Aprili tumeipitisha jana. Wasiwasi wangu ni mvua, hiyo ni masika yenyewe, na paa la ukumbi ni bati, ikinyesha Toña la Negra hatasikika.

Kanuni_ya_Taarab
Mvua isiwatishe. Anzeni baada ya laasiri, vitu vya kusikiliza viwe mwanzo, ikinyesha mnasogea kwenye picha na kofia watu watembee waangalie, ikikatika mnarudi kwenye spika. Msondo mie ntaleta ngoma, huo hata mvua haiuzimi.

Mtembeza_Malindi
Shairi moja la Sor Juana nishaanza kulitia Kiswahili, lile anawasuta wanaume wanaomlaumu mwanamke kwa kosa walilolianzisha wenyewe, nataka lisomwe na mwanamke na si mie. Nina beti tano tayari. Bi Mkubwa ukiwa na nafasi niletee jicho lako kabla sijampa dada, vina vinanisumbua ubeti wa nne.

BiMkubwa_Shangani
Marahaba wanangu. Lete Ijumaa baada ya sala, nyumbani nipo. Na MwanaWete, mwambie mama aandike mwenyewe jina lake anavyotaka lisomeke, tusije tukalikosea.