Grafu ya kasi ya maji karibu na ukuta wa bomba haikai kwenye fomula ya logi, naombeni msaada

maji_mwaka_wa_4:
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho uhandisi, projekti yangu ni kupima kasi ya wastani ya maji ndani ya bomba la PVC, laini kabisa ndani, kipenyo 100 mm, maji ya nyuzi 20 hivi yanapita kwa wastani wa mita 1 kwa sekunde kwa hiyo namba ya Reynolds (inayoonyesha kama maji yanatiririka kwa utulivu au yanavurugika) ni kama 100,000, hapo ni vurugu tupu. Nimepima kwa mrija wa Pitot (unaopima kasi kwa presha ya maji yanayougonga mdomoni) wa unene wa 1 mm kuanzia ukutani mpaka katikati, nikachukua fomula tuliyofundishwa, u+ = (1/0.41) ln y+ + 5 (u+ ni kasi gawa kwa kasi ya msuguano, yaani kipeuo cha pili cha mkazo wa ukutani gawa kwa msongamano wa maji; y+ ni umbali kutoka ukutani mara kasi hiyo ya msuguano, gawa kwa mnato), nikapitisha mstari kwenye pointi zote. Slopu imenipa kasi ya msuguano 0.052 m/s ila ile 5 ya mwisho inatoka 2.9. Na nikiivuta fomula mpaka ukutani kasi inakuwa hasi, yaani maji yanarudi nyuma, kitu ambacho hakipo. Nimerudia vipimo mara 3 majibu yale yale. Kosa liko wapi?

mnato_kwanza:
Mdogo wangu vipimo vyako naona viko sawa, shida umeipa fomula kazi isiyo yake. Ile ya logi aliyoitoa von Kármán mwaka 1930 inahusu eneo ambalo vurugu ndiyo inabeba karibu msukumo wote, sasa ukisogea ukutani vurugu inakufa kwa sababu ukuta unaibana, haina nafasi ya kupanda na kushuka, kinachobaki ni mnato peke yake. Hapo chini ya y+ ya 5 hakuna logi, ni mstari mnyoofu tu, u+ = y+, na ukutani kasi ni sifuri kama inavyotakiwa. Logi inaanza kuaminika kuanzia y+ ya 30 hivi. Katikati ya 5 na 30 ndiyo pabaya, vyote viwili vina nguvu na hakuna fomula kati ya hizo mbili inayofaa. Kuna watu wanaunganisha tu pale zinapokutana, y+ ya 10.8, wanapata u+ 10.8, wakati kasi halisi pale ni kama 8.6, umezidisha karibu robo nzima.

Kama unataka mkunjo mmoja wa kutoka ukutani, tumia ya Spalding ya 1961. Yeye aliigeuza, y+ ndiyo inatafutwa kutoka kwa u+, unaiingiza kwenye Excel dakika 5 umemaliza. Ila mimi napenda zaidi ya van Driest ya 1956 maana inakueleza sababu: anachukua urefu wa kuchanganyika wa Prandtl (umbali ambao vurugu inabeba maji kabla hayajachanganyika), yaani 0.4 mara umbali kutoka ukutani, halafu anauzidisha na (1 − exp(−y+/26)), ukikaribia ukuta hiyo mabano inakwenda sifuri na vurugu inazimika yenyewe. Unahitaji kujumlisha hatua kwa hatua lakini ukishaifanya mwenyewe mara moja utaelewa kinachoendelea pale kuliko kusoma notsi kurasa 20.

pitot_na_manometa:
Naongezea upande wa vipimo maana hapo ndipo nilipoumia mimi. Piga hesabu ya ukubwa wa vitu kwanza: mnato ukigawa kwa kasi ya msuguano unapata kama 0.02 mm, kwa hiyo y+ ya 5 ni 0.1 mm tu na y+ ya 30 ni 0.64 mm. Mrija wako una 1 mm! Ukiugusisha ukutani kitovu chake tayari kiko y+ ya 24, ile tabaka ya mnato hujawahi kuiona na hutaiona kwa mrija huo. Pia mrija unadanganya ukiwa karibu na ukuta chini ya mara 2 ya unene wake, na kwa vile kasi juu ya mdomo wake si sawa na chini, sogeza kila kipimo 0.15 ya unene kuelekea upande wenye kasi.

Halafu kubwa kuliko yote, USITAFUTE kasi ya msuguano kwenye slopu. Pointi za chini ziko chini ya logi, za katikati ya bomba ziko juu ya logi, mstari wako umelazimishwa kuzipitia zote ukawa mkali, ndiyo maana 0.052 na ndiyo maana 2.9. Pima presha inavyoshuka. Una manometa (kipima tofauti ya presha)?

maji_mwaka_wa_4:
Ninayo mkuu, kwa mita 3 za bomba inashuka 27 mm za maji.

pitot_na_manometa:
Basi umemaliza kazi. 27 mm ni kama 265 Pa, zidisha kwa kipenyo gawa kwa mara 4 ya urefu, mkazo ukutani 2.2 Pa, gawa kwa 1000 (msongamano wa maji) toa kipeuo cha pili, 0.047 m/s. Na fomula ya Blasius ya bomba laini inakupa 0.0178 ya msuguano, ambayo inarudi kule kule 0.047. Sasa chora tena kwa pointi za 2 mm mpaka 7.5 mm kutoka ukutani tu.

kappa_si_moja:
Wakuu na hiyo 0.41 (inaitwa kappa) msiishike kama pai. Vipimo vya Superpipe, bomba la utafiti la Princeton, vilivyotoka 1998 vilitoa 0.436, simulesheni ya Lee na Moser ya 2015 kwenye mfereji bapa ikatoa 0.384. Kwa Reynolds ya 100,000 eneo la logi ni fupi mno, huwezi kuamua nani yuko sahihi, kwa hiyo dogo ishikilie 0.41, iandike wazi kwenye ripoti, tafuta hiyo namba ya mwisho tu.

maji_mwaka_wa_4:
Nimerudi. Pointi zilizobaki ni 6 tu ila zimelala kwenye mstari, namba ya mwisho 5.1!! Nimechora na Spalding juu yake, zinapita pamoja. Asanteni sana jamani, kesho naanza ya van Driest.