Naomba ushauri: shamba la tambarare Moshi limeshika tabaka gumu chini

Habari za kazi, wakulima wenzangu. Nina ekari 3 za mahindi na maharage kusini mwa mji wa Moshi. Kila mwaka kabla ya masika nakodi trekta la plau ya diski. Sasa mvua ikinyesha maji yanatuama juu, na jua likiwaka siku chache tu mahindi yananyauka. Nilichimba shimo nikaona: juu udongo laini, lakini pale plau inapoishia kuna tabaka gumu kama sakafu, mizizi imefika hapo ikapinda pembeni.

Kinachoniuma, kihambani kwetu (shamba la nyumbani) huko juu mlimani, chini ya migomba na kahawa, udongo ni mweusi na umejaa nyungunyungu. Hakuna trekta, majani yanaozea palepale, samadi inarudi. Huku chini mabua yote yanapanda mlimani kwa ng'ombe na samadi haishuki, na joto nalo linamaliza mboji upesi.

Nafikiria kupasua tabaka hilo kwa ripa (jembe la jino linalopasua chini bila kugeuza udongo) kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kisha niachane na plau na nichanganye mahindi na mbaazi (mzizi wake huenda chini sana) au fiwi (jamii ya kunde inayotambaa) ifunike ardhi. Hofu yangu ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno: italamba matandazo yote na kukanyaga udongo upya.

Mliojaribu Arumeru, Karatu au Hai, ripa ya ng'ombe inatosha au nitafute ya trekta? Magugu mliyadhibiti vipi bila kulima? Na wenye mifugo mlielewana nao vipi? Nataka kuamua kabla ya mvua za Machi.