Kijana wa kidato cha tatu hana hamu ya chochote, tuanzie wapi?

ShangaziWete
Asalaam aleikum. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Wete, Pemba. Asubuhi skuli, mchana chuo cha Kurani, jioni tuisheni, usiku simu mpaka saa saba. Alfajiri haamshiki. Baba yake anataka awe daktari. Yeye hajibu kitu, ila redio mbovu ikiingia ndani lazima aifungue skrubu. Msimu wa karafuu ndio kabisa, skuli haonekani, maana kila pishi anayochuma inalipwa papo hapo. Tumsaidie vipi bila ya kugombana kila siku?

MwalimuOle
Waaleikum salaam. Shangazi, anzeni na usingizi. Umri huo mwili unataka saa 8 hadi 10, na usingizi wenyewe huchelewa kuja kuliko alipokuwa mdogo. Akilala saa saba na kuamshwa saa kumi na moja amepata nne tu, hapo nasaha haiingii. Lengo liwe saa tatu usiku, lakini msimrudishe kwa mkupuo, atagaagaa kisha aichukue tena simu. Vuteni robo saa kila siku tatu. Ni wiki saba hivi, ndiyo, ni ndefu. Simu zote zichajiwe ukumbini, na za wazee pia, vyenginevyo ataona ni adhabu.

Jengine: kama kwa wiki mbili au zaidi ameacha hata marafiki, hali chakula vizuri, au anasema maisha hayana maana, huo si uvivu. Mpelekeni hospitali, Chake au Mkoani. Akitaja kujidhuru, siku hiyo hiyo.

FundiMita
Kupenda kufungua redio si kupenda kuitengeneza. Wengi hufungua vizuri, kufunga wakashindwa. Mtafutieni fundi anayekubali, alasiri mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Wiki mbili za mwanzo atafagia na kupanga skrubu. Wengi hukimbia hapo, kwa hiyo msimhukumu mapema. Kila siku aandike mistari mitatu: nini kimeletwa, kina ugonjwa gani, fundi amepima wapi. Mwisho lifungueni daftari. Mistari ikirefuka, jibu mnalo.

Mpeni nauli tu, msimlipe kwa kwenda. Ukianza kulipia kitu alichokipenda mwenyewe, pesa ikikatika na hamu inakatika. Na asiguse chochote cha umeme wa ukutani peke yake: kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji hata plagi ikitolewa. Aanze na vya betri.

Akipenda kweli, Vitongoji, huko huko Pemba, kuna kituo cha mafunzo ya amali, na Mbweni kule Unguja kuna Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Aione karakana kwa macho yake kwanza, ndipo muulize sifa za kuingilia.

UmmuLayla
Mie naona mnazidi kumpangia. Skuli, chuo, tuisheni: huyu hana saa yake hata moja, na simu ya usiku ndiyo pekee isiyo na wa kumwamrisha. Msinitajie samaki mkunje angali mbichi, wa miaka 16 ameshaanza kukauka.

Tuisheni ibaki ya masomo mawili tu, yale yaliyo karibu na C. C inaanzia 45, na kidato cha tano kinataka C tatu angalau. Somo la 38 linavutika. La 12 linakula muda wote na bado ni F. Jioni zinazobaki acheze mpira.

“Nitasoma leo” haifanyi kazi. Aseme lini, wapi, nini: baada ya maghribi, meza ya ukumbini, maswali matatu ya karatasi za zamani za Baraza la Mitihani, dakika 25, simu chumba chengine. Karafuu msimkataze, iwe Jumamosi na Jumapili. Sehemu ya pesa anunue mita yake ya kupimia umeme.

ShangaziWete
Ahsanteni. Baba yake hatokubali habari ya fundi.

MwalimuOle
Msimwombe abadili mawazo, mwombeni wiki sita tu, na msizungumze mbele ya kijana. Mwambieni udaktari haujafutwa: fizikia, kemia na baiolojia anaendelea nazo, kwani somo likiachwa sasa ni tabu kulirudia. Ila habari za binamu aliyefaulu aziache kabisa.